Ukuta Ule ni wa Nani?

Mvua haibomoi ukuta. Naanza na hilo kwa sababu kila masika huku Kigoma, ukuta wa mawe ukilala barabarani au juu ya bati la mtu, taarifa huwa imeshaandikwa kabla tope halijakauka: chanzo ni mvua kubwa iliyonyesha usiku wa kuamkia leo. Basi. Mvua imeshtakiwa na kuhukumiwa hapo hapo, na kwa kuwa mvua haifungiki, linafungwa faili. Hakuna anayeuliza mbona mvua za mwaka juzi zilipita na ukuta ukabaki umesimama.

Ukuta wa kuzuia udongo hauanguki ghafla kama embe. Huchoka kwa miaka. Huota tumbo, hupasuka, hutema mchanga kwenye viungo vya mawe, hulalia upande mmoja kidogo kidogo kama mzee anayetafuta fimbo. Yote hayo huyafanya mchana kweupe, mbele ya watu wanaopita na ndoo zao. Kwa hiyo ninaposema kwamba mtu fulani ameubomoa, sina maana ya mtu mwenye nyundo. Nina maana ya mtu ambaye kazi yake ingekuwa kuuangalia, ila kazi hiyo haikuwahi kupewa jina, wala mshahara, wala mtu.

Mimi ni wa Mwamgongo. Kama hujafika, toka Kibirizi kwa boti uelekee kaskazini, upite Hifadhi ya Gombe yote ukiwa na msitu mkono wa kulia, na msitu unapokatika ndipo mabati yetu yanapoanza kumeta. Ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Vilele vilivyo nyuma yetu vinapita 1500, na kati ya maji na vilele hivyo ni mwendo wa kilomita chache tu. Uwanja tambarare ni anasa. Anayetaka kujenga hukata mlima nyuma, humwaga udongo mbele, kisha hupanga mawe ili udongo ule usimfuate ziwani. Hivyo karibu kila mtu analala chini ya ukuta wa jirani na juu ya paa la jirani mwingine. Nimesomea ufundi sanifu wa ujenzi, na mwaka huu ni wa sita tangu nianze kazi za barabara. Nikirudi nyumbani siangalii mandhari ambayo wageni huja kuipiga picha. Naangalia mawe.

Hesabu yake si ngumu. Chukua ukuta wa mita tatu kwenda juu, kimo cha chumba cha kawaida. Udongo mkavu ulio nyuma yake huusukuma kwa nguvu ya tani mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa kila mita moja ya urefu wake. Sasa acha maji yajae nyuma yake mpaka juu: msukumo unakaribia tani sita. Mawe ni yale yale, saruji ni ile ile, lakini mzigo umekuwa maradufu bila mtu yeyote kuweka kitu juu yake. Na ukitaka kupandisha ukuta huo kimo chake kiwe mara mbili, mzigo hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Ndiyo sababu fundi mwenye akili huweka kokoto nyuma ya ukuta na kupitisha vibomba vya plastiki katikati ya mawe. Vile vitundu unavyoviona vikichuruzika na kuchafua ukuta kwa ukungu wa kijani si uzembe wa fundi. Ndiyo kazi yenyewe. Ukuta wa kuogopwa ni ule ulio mkavu na msafi katikati ya Machi, wakati mlima wote nyuma yake umelowa.

Sasa uliza ni nani anayepita Machi kuvitazama vitundu hivyo.

Daraja lina bahati. Daraja likizeeka linajulikana, lina namba, lina mtu anayeshuka chini yake na tochi. Kwenye hotuba za bajeti za barabara utasikia vichwa ambavyo kila mfuatiliaji anavijua kwa moyo: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu, sehemu korofi, madaraja. Ukuta hautajwi kwa jina lake. Umejificha mahali fulani ndani ya sehemu korofi, na sehemu haiitwi korofi mpaka iwe imeshaharibika. Katika miaka yangu sita nimejaza fomu za ukaguzi wa madaraja na makalavati mpaka vidole vikaota sugu. Fomu ya ukuta sijawahi kukabidhiwa hata siku moja. Wakati wa ujenzi ukuta unapimwa, kila mita ya ujazo ya mawe, kwa sababu kuna mtu anayetaka kulipwa. Kisha kinakuja kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, ambamo mkandarasi bado anaweza kuitwa. Ukuta wa mawe na saruji tunautarajia usimame miaka hamsini na zaidi. Mwaka wa kwanza una mlezi. Arobaini na tisa iliyobaki ni yatima.

Wala msiniambie fedha. Sheria ya Mfuko wa Barabara, tangu marekebisho ya 1998, inataka angalau asilimia 90 ya fedha zake ziende kwenye matengenezo, si kwenye ujenzi mpya. TANROADS ilianza mwaka 2000 kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA mwaka 2017 kwa barabara za wilaya, vijiji na mitaa. Chombo kipo, mfuko upo, sheria ipo. Fedha hizo zinagawanywa kwa kufuata kinachojulikana: kilomita ngapi, za lami ngapi, za changarawe ngapi, madaraja mangapi. Kisichohesabiwa hakiombewi fedha. Ndiyo maana ninalalamikia orodha kabla sijalalamikia saruji.

Shangazi yangu alinipigia simu Februari moja. Hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake.

"Mwanangu, ule ukuta umeota tumbo."

"Upi, shangazi?"

"Wa wageni. Huu wa njia ya shule."

Ukuta huo ulijengwa na mradi mmoja ambao sitautaja, ili kushikilia njia wanayopita watoto. Una mita tatu na kidogo, na hatua ishirini na tano kwenda upande. Ulikuwa na bamba lenye jina la mgeni rasmi. Bamba lilishang'olewa, sijui limekuwa sufuria ya nani. Nyumba ya shangazi iko chini yake, hatua nne. Nilipofika nilining'iniza timazi kutoka juu: katikati ukuta ulikuwa umetokeza sentimita kumi na moja nje ya mstari wake. Nikahesabu vitundu. Vilikuwa kumi na vinne. Vitano vilikuwa vikitoa maji. Tisa vilikuwa vimekufa: udongo, mizizi, magunzi ya mahindi yaliyosokomezwa na watoto, chupa ya soda, na viwili vilikuwa vimezibwa na saruji ya fundi mwenyewe, havikuwahi kufunguka tangu siku ya kwanza. Mgeni rasmi alikata utepe mbele ya ukuta ambao tayari ulikuwa umezibwa pua.

Nilianza kutafuta mwenyewe. Ofisi ya kwanza iliniambia njia ile haimo kwenye mtandao wake wa barabara, kwa hiyo na ukuta haumo. Ofisi ya pili ikasema ni mali ya mradi. Waliowahi kufanya kazi na mradi wakasema mradi ulishafungwa, na nyaraka ziliondoka na kompyuta. Ofisi ya nne ilikuwa na heshima kuliko zote. Nilikalishwa, nikaombwa niandike barua, nikaandika. Majibu yalikuja baada ya wiki saba: suala lako linafanyiwa kazi. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeniomba kitu kidogo. Kila mmoja alinieleza kwa ukweli mtupu kwamba ukuta si wake. Nami niliwaamini wote. Hilo ndilo linalonitisha kuliko rushwa. Rushwa ingekuwa na mtu wa kumkamata.

Kabla ya barua kujibiwa tulikuwa tumeshaingia kazini, vijana watano, na nondo ya milimita kumi na mbili na ndoo. Mzee mmoja alitukataza. Alisema, "Wanangu, msiuguse. Ukianguka kesho wataulizwa waliougusa, hawataulizwa waliouacha." Nimelifikiria sana neno la mzee yule, na sijapata jibu lake mpaka leo, kwa sababu ni kweli. Anayeacha hana kosa. Hata hivyo tuliendelea. Kitundu cha tatu kilipofunguka kilitoa maji ya rangi ya chai ya rangi kwa karibu saa nzima, na shangazi akasimama mlangoni, kanga mdomoni, akiangalia maji yaliyokuwa yamelala juu ya kichwa chake miaka yote hiyo. Tumbo halikurudi, maana tumbo la ukuta halirudi. Lakini nilipaka vidoto viwili vya rangi kila upande wa ufa mkubwa, nikamwachia mpwa wangu rula na daftari, na kila Jumapili anapima na kuandika. Gharama yote ya ukaguzi huo, rangi, rula, daftari na kalamu, haifiki bei ya kilo ya migebuka mibichi siku za mbalamwezi.

Najua kitakachosemwa na wenzangu. Cha kwanza: tatizo ni miti. Watu wamekata miti, mlima uko uchi, sasa wanalia. Mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall ulianza vijiji vya ukanda wetu mwaka 1994 na kazi ya kurudisha miti ilikuwa ya lazima. Sina ubishi nayo, na nimekunywa maji ya mlima ulioota tena. Lakini mti hauzibui kitundu. Mti ukiota kwenye kiungo cha mawe, tena, ndio unaong'oa mawe. Na angalia jinsi hoja hii inavyohamisha lawama: ukuta umejengwa na wataalamu, umepokelewa na wataalamu, umeachwa na wataalamu, kisha mwenye kosa ni mama aliyekata kuni.

Cha pili: sisi ni nchi maskini, tujenge kwanza, ukaguzi tutaufikia. Hoja hii huvaa suti, ndiyo maana inapita. Ukweli ni kwamba maskini ndiye asiyemudu kutokagua. Kuzibua vitundu kumi na vinne ni kazi ya asubuhi moja. Kujenga upya mita ishirini na tano za ukuta ni mkataba, na mazishi hayamo kwenye mkataba.

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka kwa ghafla juu ya watu waliolala karibu na Mai Mahiu, Kenya, na kuua zaidi ya 40. Mwanzoni kila mtu alisema ni bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ya huko ikaeleza kwamba palikuwa na tuta la reli, chini ya tuta pana njia ya kupitishia mto, njia ikaziba kwa magogo na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa. Isome tena polepole. Tundu lililoziba. Ni habari ya ukuta wa shangazi, imekuzwa tu. Na tuta la reli halikujengwa ili liwe bwawa. Lilifanywa bwawa na takataka ambazo hazikuondolewa.

Reli nayo ilikuwa na jambo ambalo barabara zetu hazijajifunza. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wazee wa magenge ya reli, wale waliobaki, watakusimulia kwamba kila genge lilikuwa na kipande chake cha njia, na mnyapara alikitembea kwa miguu. Aliyajua makalavati yake kama unavyowajua watoto wa jirani. Sisemi enzi hizo zilikuwa pepo. Mnyapara ni mnyapara. Nasema tu kwamba kipande kilikuwa na mtu, na mtu alikuwa na kipande.

Mbali na huku wamejifunza kwa maiti. Hong Kong, Juni 1972, miteremko miwili ilikatika siku moja ikaua watu zaidi ya 130; 1976 wakafa wengine 18 mahali pale pale Sau Mau Ping; mwaka uliofuata ikaanzishwa ofisi ya kusimamia miteremko na kuta. Leo wana orodha ya miteremko na kuta zipatazo 60,000 zilizotengenezwa na watu, na kila mmoja una namba yake kwenye kibao, pale pale ulipo, mtoto aweza kuisoma. Hata hivyo mwaka 1994 ukuta mzee wa mawe pale Kwun Lung Lau ulianguka na kuua watano. Orodha si hirizi. Marekani nayo, daraja la Silver Bridge lilipoanguka Desemba 1967 na watu 46, madaraja yakawekewa sheria ya kukaguliwa kila miaka miwili kwa kawaida. Kuta hazikupata sheria ya namna hiyo. Mei 2005 ukuta mkongwe wenye mita zaidi ya 20 ukaporomokea barabara kuu jijini New York, kwa bahati bila kuua, na miaka mitatu baadaye jiji likapitisha sheria: ukuta wa futi kumi au zaidi unaopakana na njia ya watu ukaguliwe kila miaka mitano. Futi kumi ni mita tatu. Ni ukuta wa shangazi hasa.

Mnaona kwamba ugonjwa huu si wa Waafrika wala wa maskini. Ni ugonjwa wa vitu visivyo na sherehe. Daraja lina sherehe, lami ina sherehe. Ukuta uko kando ya picha.

Kwa nini naandika sasa? Kwa sababu huku kwetu kila msimu wa kampeni wanatuahidi barabara, na mimi naitaka barabara kuliko wanavyodhani. Nimemwona mama mjamzito akipakiwa kwenye boti usiku, mawimbi yakiwa ya kifua, kuelekea hospitali Kigoma. Asiniambie mtu kwamba kutaka kuta zikaguliwe ni kupinga maendeleo. Lakini barabara yoyote itakayoshuka kutoka kule mgongoni hadi ufukweni, kwa miteremko ile, itakuwa barabara ya kuta. Waliopita Kitonga au waliopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto wanaelewa: upande mmoja ukuta unaoushika mlima usiangukie gari, upande wa pili ukuta unaolishika gari lisiangukie bondeni. Barabara ya namna hiyo bila daftari la kuta ni mkopo ambao wenye nyumba za chini ndio wataulipa.

Na chini kuna ziwa, ambalo halijawahi kukaa mahali pamoja. Karne ya 19 lilipanda mita zipatazo kumi kuliko leo, mpaka Mto Lukuga ulipofungua njia kuelekea Kongo miaka ya 1870. Ndiyo maana mnara wa Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na maji. Lilipanda tena miaka ya 1960, na sisi tuliliona kwa macho yetu 2021 na 2024, lilivyoingia kwenye mialo na nyumba. Ukuta ulio ufukweni huliwa miguu wakati kila mtu anatazama kichwa. Wimbi hutoa mchanga chini ya jiwe la msingi, ziwa linashuka, watu wanashukuru Mungu, na pengo lililobaki chini hakuna anayelipimia kina.

Wahandisi wenzangu mtaniambia kwamba ukaguzi wa kweli unataka vipimo vya udongo, mashine, mtaalamu aliyesajiliwa. Ni kweli, kwa ukuta uliokwisha kuonyesha dalili. Kwa hatua ya kwanza unataka macho na miguu. Mwalimu wa hisabati anaweza. Kijana wa kidato cha nne anaweza, mradi kuna mahali pa kupeleka alichoandika, na huko kuna mtu mwenye wajibu wa kukisoma. Tunao vijana waliomaliza vyuo wanaoshinda Kibirizi wakipakia magunia. Tunaomba ajira kila siku. Hii hapa ni kazi iliyolala njiani.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Nimeomba nafasi katika ujao. Sitaomba ukuta mpya, sitaomba mfadhili. Nina karatasi mbili. Ya kwanza ni barua inayotaka kila ukuta wenye kimo cha mita mbili au zaidi hapa kijijini uandikwe namba kwa rangi nyeupe, wa mradi, wa shule, wa mtu binafsi, wote, na nakala ya orodha ipelekwe wilayani ipokelewe kwa muhuri. Ya pili ni jedwali tupu: namba, mahali, kimo, urefu, mwaka uliojengwa, aliyejenga, vitundu vingapi, vilivyo wazi vingapi, tumbo sentimita ngapi, nyumba ngapi chini yake. Safu ya mwisho ni ya jina la mtu. Nimeiacha pana kuliko zote, maana huko ndiko patakapokuwa na ubishi.